Arlys Tvedt na Ng'ombe wa Orrin

Mwaka ule wa korona, machinjio makubwa ya jimbo la Dakota Kusini, Marekani, yalifungwa baada ya wafanyakazi kuugua, na ng'ombe waliokuwa tayari kuuzwa wakakosa pa kwenda. Wakaendelea kula huku bei yao ikiporomoka. Arlys Tvedt, mjane aliyeendesha ranchi yake mwenyewe tangu mumewe afariki, aliuza madume yake kwa bei ya kutupa. Akaingia ndani, akalia, kisha akanawa uso na kwenda kuwalisha waliobaki.

Serikali ilipotangaza malipo ya kuwashika mkono wakulima na wafugaji, Arlys aliomba mapema, akapata. Angeweza kutulia na pesa zake. Lakini ofisi ya kilimo ilikuwa imefunga milango, kila jambo kwa simu na kompyuta, naye aliwajua majirani zake: wengine mtandao hauwafikii, wengine hawavumilii simu inayowaambia wasubiri. Basi akawa anawazungukia kwa pikapu yake, barakoa usoni. Wanakaa uani wakiachiana nafasi, anapiga simu yeye, anasubiri yeye, anauliza yeye. Ujira wake ulikuwa kahawa nyepesi na kipande cha keki.

Mkaidi kuliko wote alikuwa Orrin Haugland. Mzee huyo alikwisha kuagiza lori lije kubeba ng'ombe wake wote wa kuzalisha wakauzwe, kundi alilolikuza na marehemu mkewe, Verna, ndama mmoja baada ya mwingine.

"Habari za msaada umezisikia?" Arlys akamuuliza kutoka ng'ambo ya ua.

"Nimezisikia. Sijawahi kunyoosha mkono kwa mtu, sitaanza uzeeni."

"Nani kasema unyooshe mkono? Kodi si umelipa maisha yako yote?"

"Pesa hizo ni za wenye shida."

"Na wewe huna? Lori unaliita la nini, la harusi?"

Orrin akageuza uso. Arlys akaacha utani.

"Mzee Orrin, hata mimi niliona haya. Pesa zilipoingia nilijiona kama mwizi. Halafu nikawatazama ng'ombe wangu. Aibu yangu haiwashibishi."

Orrin akageuka tena kumtazama.

"Verna angesemaje?" mzee akauliza.

"Angekuambia uache upuuzi. Ukikataa, angenipigia mimi nije nikuambie tena."

Orrin akacheka bila kupenda, akafuta macho kwa mkono wa shati. "Haya, piga hiyo simu. Lakini wakisema nisubiri, naondoka zangu."

"Watasema. Na utasubiri."

Akasubiri, akiutukana ule muziki wa kwenye simu mpaka sauti ya mtu ikapatikana. Jioni ileile akaghairi lori.

Pesa zilipokuja hazikumtajirisha. Zilinunua nyasi kavu za majira ya baridi, na karibu kundi zima likabaki. Arlys hakumsimulia mtu. Aliyesimulia ni Orrin mwenyewe, kwa sauti kubwa, kwenye duka la vyakula vya mifugo, na wakaidi wengine wawili wakamtafuta Arlys wiki hiyohiyo.

Ndama walipoanza kuzaliwa, Orrin akampigia simu.

"Nina mtamba mmoja mkorofi hapa, ukimwambia hapana hasikii. Nimempa jina lako."

Arlys alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Basi mlishe vizuri, mzee," akasema. "Anajua anachotaka."