Kisu cha Stendi na Mikono ya Jembe

Nina visu saba vya kukunja, na hakuna hata kimoja kilichozidi bei ya kilo moja ya nyama. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia mtu anapenda visu, wanafikiria vile vya kuagizwa nje, vya kuwekwa kabatini vitazamwe. Vyangu nimevinunua kwa machinga, vingi stendi ya Mafinga. Kimoja kina mpini wa plastiki nyekundu, kingine kina kitochi kilichowaka wiki moja tu kikafa. Nikiwa peke yangu navikunjua na kuvikunja, nasikiliza ule mlio wa kufungika, na nafurahi. Mwenye neno na aseme.

Na yamesemwa. "Mama mzima na kisu mfukoni, unamtafuta nani?" wifi yangu aliniuliza hivyo mbele ya wageni. Nikamjibu namtafuta yeye. Hakurudia.

Kunoa nilifundishwa na kaka yangu, seremala wa hukohuko Mafinga. Kisu cha bei rahisi, alisema, kinatoka dukani kikiwa butu, na chuma chake ni laini, kwa hiyo makali hayakai. Watu wanaishia hapo, wanakilaani na kukitupa. Lakini chuma laini kinanoleka haraka. Maji kidogo juu ya jiwe, mkono mwepesi, dakika tano, kisha unakipitisha kwenye mkanda wa ngozi, na kinanyoa malaika ya mkono. Kesho unarudia. Kile cha mpini mwekundu nilikinoa upande mmoja tu, kama anavyonoa patasi zake, upande wa pili nikauacha bapa. Alicheka, akasema nimekiharibu. Sikukiharibu. Kilianza kukata mkato ulionyooka, na hicho ndicho nilichokwenda nacho kitaluni.

Tulikuwa wanawake sita, wote wa Ilomba, mtaa ninaoishi Mbeya, tuliopata kibarua kwenye kitalu cha miche ya parachichi nje kidogo ya mji. Kazi yetu ilikuwa kubebesha. Unakata kichwa cha mche wa kienyeji, unapasua shina lake katikati, unachukua kikonyo, yaani kitawi kichanga, cha parachichi la kisasa, unakichonga kama kabari, unakichomeka pale na kufunga kwa nailoni. Baada ya mwezi, kilichoshika kinachipua na kisichoshika kinakuwa cheusi. Ukichonga vibaya, ufunge utakavyofunga, kimekufa.

Msimamizi wetu, ambaye wote tulimwita mtaalamu, alitugawia visu vya kigeni. Asubuhi tunasaini, jioni tunarudisha, vinafungiwa kabatini. Kuvigusa kwa jiwe ilikuwa marufuku. "Hivi vinanolewa na wanaojua," alisema. Hao wanaojua hatukuwaona hata siku moja. Vilikuwa visu vizuri, sikatai, wiki ya kwanza nilivipenda. Wiki ya tatu tulikuwa tunakandamiza mpaka vidole gumba vinaota malengelenge, na vikonyo vinapondeka badala ya kukatika.

Mwezi ulipotimia, miche ilikuwa myeusi safu kwa safu. Mtaalamu akatukusanya.

"Mama zangu, mikono yenu imezoea jembe," alisema. "Hii kazi inataka mkono mwingine. Mwezi ujao nitaleta vijana wa chuo."

Alisema taratibu, kwa adabu kabisa, na ndiyo maana ilichoma. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane aliyesomesha watoto watatu kwa vibarua, aliinama akaanza kuitazama mikono yake, akaigeuza juu na chini, kana kwamba kweli kosa liko pale. Hasira zikanipanda mpaka masikio yakawa ya moto.

Nikachomoa kisu changu cha mpini mwekundu mfukoni. Nikachonga kikonyo kimoja kwa kisu cha mtaalamu na kingine kwa changu. Kila kimoja nikakilaza kwenye ubapa wa kisu, upande uliochongwa, nikakiinua kuelekea jua, kama kaka anavyopima ubao alioupiga randa. Kile cha kisu chake kilipitisha mwanga katikati, maana kilikuwa na bonde, na penye bonde hakigusani na shina. Changu hakikupitisha kitu.

"Kisu cha sokoni hakiingii kwenye kitalu hiki," mtaalamu alisema.

"Nipe safu moja, uiwekee alama mwenyewe," nikamwambia. "Ikifa, naondoka na hutanisikia tena. Ikishika, hawa wenzangu wanabaki, na wananoa visu vyao wenyewe."

Alikubali. Nadhani alikubali ili apate kunifunga mdomo mbele ya wenzangu.

Mwezi ule sikuwa mtu wa kusemeshwa. Nilikuwa nikifika asubuhi, kabla ya kusalimia mtu, nakwenda kwenye safu yangu na kuinama. Nilichokuwa nimefanya ni kuweka ugali wa wenzangu rehani kwa ajili ya ubishi wangu, na nilijua. Usiku nilijiambia nimekosea, asubuhi nikajiambia sijakosea. Wiki ya nne vikonyo vikaanza kutoa vichipukizi, vidogo, vyekundu. Si vyote. Vitatu vilikufa na kimoja kilitafunwa na mbuzi. Lakini safu ilisimama, na jirani yangu alitembea kutoka mwanzo hadi mwisho wake huku amejiziba mdomo kwa kanga.

Mtaalamu alichuchumaa akaikagua mche kwa mche. "Mama, una mkono," alisema. Kesho yake kulikuwa na ndoo ya maji na jiwe la kunolea kivulini, na akatangaza kwamba huo ndio utaratibu mpya. Alitangaza kama wazo lake. Nikanyamaza, kwa sababu hakuna aliyefukuzwa.

Ningeendelea kunyamaza kama wasingekuja wageni kutoka nje ya nchi, wenye kamera. Mtaalamu alinisimamisha kwenye safu yangu, akanipa kisu cha kigeni. "Shika hiki, mama. Hicho chako kiweke mfukoni kidogo, ni kwa ajili ya picha tu." Jirani yangu alinikonyeza nishike, yaishe. Na kweli lilikuwa jambo dogo. Lakini niliiona ile picha ukutani ofisini, mimi nacheka na kisu kilichoua miche, na mwanamke mwingine mbele yake anaambiwa mikono yake ni ya jembe. Nikamrudishia. Nikatoa changu, nikakikunjua.

"Safu hii nimeibebesha kwa hiki," niliwaambia wageni. "Nimekinunua stendi Mafinga."

Wakatafsiriwa, wakacheka, wakapiga picha. Mtaalamu hakucheka.

Msimu uliofuata orodha ya vibarua ilibandikwa getini ikiwa na majina matano. Niliisoma mara mbili, nikapitisha kidole. Iliniuma, sitadanganya. Nililia palepale, mama mzima nimeshika nondo za geti, na mlinzi akajifanya anatafuta kitu kwenye redio yake. Kisha nikasikia kutoka ndani chuma kikipita juu ya jiwe, kisha kingine, kisha kingine. Wanawake watano walikuwa wananoa kabla ya kuanza kazi, na hakuna aliyewauliza nani kawaruhusu.

Nikafuta macho kwa pindo la kanga. Nikashuka sokoni, nikaulizia wanapouza viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche, na muuzaji akataka kujua namnunulia nani. Nikamwambia ni vyangu.