Shemeji Apaa

Walimwita Mama Makochi, maana kwa miaka ishirini na saba alikuwa akivalisha makochi ya watu vitambaa vipya. Alijua siri za nyumba nyingi. Chini ya mito alikuwa ameshakuta funguo, meno ya bandia, na barua moja ya mapenzi aliyoichoma, baada ya kuisoma mara mbili.

Alipotimiza miaka hamsini na tano akaanza kuunda ndege. Ilikuwa theluthi ya ukubwa wa ndege halisi ya mashindano ya zamani, yenye pua nene na mbawa fupi, aliyoiona kwenye jarida lililokuwa limeshindiliwa ndani ya kiti kibovu. Mbavu za mbawa alizikata kwa plaiwudi, akazivika kitambaa, akakipaka vanishi hadi kikakazika kama ngoma. Injini aliitoa kwenye msumeno wa kukatia miti. Mumewe, fundi redio, alimtengenezea rimoti.

Kero ilikuwa shemeji yake, kaka wa mume. Huyu alipima mizigo ya abiria uwanja wa ndege mpaka akastaafu, lakini ukimsikiliza ungedhani ndege alikuwa akizirusha yeye. Kila Jumapili alivuta stuli na kuanza.

"Shemeji, mkia umekaa upande. Sisi angani hatukuwa tukifanya hivyo."

Mama Makochi alibana pini mdomoni, kwa hiyo hakulazimika kujibu.

Ilipobaki kumweka rubani tu, alichukua kipande cha sponji ngumu akachonga kichwa. Akakipa masharubu ya nywele za brashi, mashavu yaliyojaa maringo, na mdomo uliokaa tayari kusema "sisi angani." Mumewe alikitazama, akatoka kwenda kucheka nje.

Jumamosi asubuhi wakaipeleka kwenye uwanja wa mpira. Muuza mayai wa mtaani ndiye aliyegundua kwanza.

"Huyu si shemeji yako?"

"Duniani wawili wawili," akajibu Mama Makochi.

Shemeji mwenyewe akafika, akachungulia, akajishika masharubu.

Ndege ikakimbia, ikainuka, ikapita juu ya goli. Ilipozunguka mara ya pili furaha ikampanda Mama Makochi kichwani, akaigeuza miguu juu. Alipotupa jicho pembeni alimwona shemeji amekumbatia nguzo ya goli, kafumba macho.

Kutua hakukwenda vizuri. Ndege ilidunda mara mbili ikachimba pua kwenye nyasi, rubani akachomoka na kubingirika hadi miguuni pa shemeji. Watu wakasubiri ugomvi. Yeye akakiokota kile kichwa, akakifuta tope kwa leso yake.

"Hukumfunga mkanda," alisema.

"Nimesahau, shemeji."

"Halafu kule kumgeuza... Mimi sijawahi kupanda ndege. Hata mara moja."

"Najua. Kaka yako aliniambia siku ya harusi yetu."

Shemeji akamkabidhi kile kichwa. "Basi kama ni mimi, nirushe polepole."

Mama Makochi akaahidi. Alibadilisha pangaboi la puani lililovunjika, akashona mkanda kwa utepe wa makochi. Jumapili shemeji huja kuukagua, huuvuta mara mbili, na ndege huzunguka uwanja kwa adabu kama bibi harusi.

Wiki ambazo shemeji husafiri kwenda kuwaona wajukuu, rubani hugeuzwa miguu juu mpaka mafuta yaishe.