Mtoto wa Sehemu ya Pili

Kama unataka hadithi za kutunga, kuna watu wanazijua kuliko mimi, waendee hao. Mimi nakueleza jambo lililonikuta mchana, ndani ya chumba changu mwenyewe cha gemu hapa Bwera mpakani, watu wazima wawili wakiwa wameketi mbele yangu. Mmoja wao, Kule, bado anaendesha bodaboda barabara ya Mpondwe. Mwulize. Atawasha pikipiki yake aondoke bila kukujibu, na hapo utajua kwamba sikudanganyi.

Tena usinidhanie mwoga. Nilipofungua kile chumba wanaume walicheka: mwanamke na gemu wapi na wapi? Wakaja kucheka, wakakaa kwenye benchi, wakashika padi za kuchezea, nikawafunga mabao mpaka wakanyamaza. Vijana wengi walikuja kwa ajili ya mpira. Lakini televisheni ya pembeni, ile ya ukutani karibu na dirisha, ilikuwa ya wale tunaopenda gemu za kutisha. Mimi, Kule, na Bwambale, mwalimu wa shule ya msingi huko Karambi. Niamini, katika kona ile nimeua mazimwi mengi kuliko panya uliowahi kuwaona maishani mwako.

Sasa kulikuwa na gemu moja, jina lake sitalitaja nisije nikakutamanisha. Sehemu ya kwanza ulikuwa mlinzi, uko peke yako katika hospitali iliyohamwa, tochi inafifia, risasi hazitoshi. Tuliipenda hiyo! Kule aliimaliza akatembea kifua mbele wiki nzima. Halafu Bwambale akaenda Kasese akarudi na sidi ya sehemu ya pili, na tangu siku hiyo hatukuelewana tena.

Kule alisema imeharibiwa. "Mtu anapewa bunduki kama afande, ataogopa nini? Ya kwanza ulikuwa unahesabu risasi kwa jasho. Hii ni vita tu, hakuna woga."

"Ya kwanza ilikuwa na giza tu," Bwambale akamjibu, maana mwalimu hakosi jibu. "Giza hata mimi naweza kutengeneza, nazima taa. Hii ina mji mzima umefunikwa na maji, ina watu wa matope wanaosimama milangoni. Wametumia akili."

Mimi niliwaambia wote wawili hawajui kitu. Kitisho cha gemu kiko kwenye sauti. Fumba macho usikilize sehemu ya pili jinsi maji yanavyodondoka kwenye madarasa ya shule, halafu uniambie ni ipi inatisha zaidi. Kubishana huko kulikuwa raha yetu. Watu walikuwa wanaacha mpira wanakuja kutusikiliza.

Jambo moja tu lilitupatanisha: mtoto. Katika sehemu ya pili, unapofika kwenye shule iliyofurika, chini ya ngazi kuna binti mdogo amejikunyata, amevaa gauni la njano. Ukitaka, unabonyeza kitufe unamshika mkono unaenda naye. Usipotaka, unampita. Na karibu wachezaji wote wanampita, kwa sababu anatembea polepole, na vishindo vya miguu yake vinawaita watu wa matope. Ukiwa naye hufiki popote. Hata Bwambale aliyekuwa akiisifu gemu hiyo alikuwa akisema hapo watengenezaji walikosea. Mtoto wa nini katika gemu kama hii?

Basi ilikuwa siku ya soko, alasiri. Wingu lilikuwa limeteremka kutoka milimani, jeusi, na watu walikuwa wanafunga bidhaa zao mbio mbio. Binti yangu Biira, ambaye wakati huo hata shule alikuwa hajaanza, alikuwa amelala nyuma kwenye godoro, nyuma ya pazia. Vijana wa mpira walikimbilia makwao. Tukabaki watatu, Kule akiwa na padi mkononi.

Matone ya kwanza yalikuwa ndiyo yanagonga mabati alipoingia mwanamke mmoja. Nilimjua kwa kitenge na kwa kusema kwake kwamba ni wa ng'ambo ya mpaka, wa upande wa Beni au Butembo, kama wengi wanaovuka siku ya soko. Alikuwa peku. Nguo zimelowa, zinachuruzika. Lakini sikiliza: kichwa chake kilikuwa kikavu. Mabega makavu. Ameloa kuanzia kifuani kwenda chini. Niambie wewe, ni mvua gani inayomlowesha mtu namna hiyo?

Nilikiona hicho, ila sikukitilia maanani. Nilisema, "Karibu mama, jikinge."

"Wasingya," akashukuru, akakaa mwisho wa benchi, akatazama televisheni.

Kule alikuwa amefika kwenye ile shule. Akapita ngazi, mtoto wa gauni la njano akanyoosha mkono kama anavyofanya, Kule akaendelea na safari yake.

"Yule mutoto," mwanamke akauliza, "unamuacha juu ya nini?"

"Ni gemu tu, mama," Kule akasema bila kugeuka. "Anachelewesha."

"Mutoto anachelewesha, ndiyo. Ile ni kazi yake."

Bwambale akacheka. Mimi pia nilicheka. Mwanamke hakucheka. Akanigeukia akasema, kwa adabu kabisa, "Mama, niko naomba nijaribu."

Ungekataa? Mvua ilikuwa imeshika, hakuna mteja mwingine atakayekuja. Nikamnyang'anya Kule padi nikampa yule mama. Nilimwonyesha: hiki cha kutembea, hiki cha kushika mkono. Bunduki alisema hataki. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na padi aliishika kama mtu anavyoshika kuku, kwa mikono miwili, kwa kuogopa itamtoroka.

Akarudi kwenye ngazi. Akamshika mtoto mkono. Wakaanza kutembea.

Wallahi, kama wasemavyo rafiki zangu Waislamu, sijawahi kuona mtu akicheza vile. Hakukimbia. Mtoto aliposimama, naye alisimama akamngojea. Watu wa matope wakatoka kwenye madarasa kama wanavyotoka siku zote, na mimi nikajiandaa kumpa pole, kwa maana hapo ndipo kila mtu anapofia. Wakafika karibu naye. Wakasogea pembeni. Mmoja baada ya mwingine walibana ukutani wakawaacha wapite.

Kule alisimama. "Haiwezekani. Hiyo haimo."

"Ya kwanza niliiona siku moja, kule kwetu," mwanamke akasema, macho yakiwa kwenye kioo. "Mulikuwa mutu anaogopa nafsi yake tu. Hii munaogopa hawa. Lakini hawa hawana ubaya. Beko natafuta watu yao."

Alimaanisha kwamba wako wanatafuta watu wao. Kwenye kioo mwanamke na mtoto walikuwa wameufikia mlango mkubwa wa shule, nje kuna mwanga wa kijivu ambao sisi watatu hatukuwahi kuufikia kwa njia ile.

Umeme ukakatika.

Umeme wetu unakatika kila mvua ikinyesha, hilo si la ajabu. Chumba kikawa giza kama usiku maana nilikuwa nimefunga dirisha. Televisheni imezimika. Na katika giza hilo tukasikia vishindo vidogo vya miguu mitupu juu ya saruji. Vinatoka upande wa ile televisheni ya ukutani, vinaelekea mlangoni. Vya polepole.

Nikajua ni Biira. Nani mwingine? Ameamka, anatoka kwenye mvua na barabara imejaa malori. Niliruka. Sikumwita, nilirukia tu penye sauti, nikapapasa, nikaukamata mkono. Mkono mdogo, vidole vya mtoto, vya baridi, vimelowa. Nikauvuta kwangu.

Haukuja. Upande wa pili, mtu mwingine alikuwa ameshika mkono ule wa pili.

"Mama, mwachie," nikasema. Sikutetemeka, waulize wenzangu. Nilisema kama ninavyosema na mteja anayeng'ang'ania padi. "Mwachie, huyu ni mwanangu."

"Hapana, mama." Sauti yake ilikuwa karibu kabisa na uso wangu, tena ya upole. "Ya kwako iko nalala. Huyu ni ya kwangu."

Na wakati huohuo, nyuma ya pazia, Biira akakohoa usingizini.

Unajua nilifanya nini? Niliuachia. Kuna watu wamenisema kwamba ningeushikilia mpaka taa ziwake, nione. Hao hawajawahi kushika mkono kama ule. Nilivikunjua vidole vyangu, na vile vidole vidogo vikanibana kidogo kabla ya kutoka, kama mtoto anavyoaga. Mlango ukafunguka, mvua ikaingia, mlango ukagonga. Kule alipofanikiwa kuwasha tochi ya simu tulikuwa watatu. Padi ilikuwa imewekwa vizuri juu ya benchi, maji yanadondoka.

Umeme ulirudi jioni hiyo. Bwambale akawasha gemu. Tukaenda kwenye shule, tukaenda kwenye ngazi. Pale chini hapakuwa na mtu. Tukaanza gemu upya tangu mwanzo. Hapakuwa na mtu. Mpaka leo, kwenye sidi ile, mtoto hayupo.

Bwambale alisema sidi imekwaruzika. Kule akamwuliza, "Mkwaruzo gani unachagua mtoto peke yake?" Wachezaji walikuja kutoka Kinyamaseke, hata kutoka Kasese, na sidi zao za gemu hiyohiyo. Katika zao mtoto yupo, amekaa na gauni lake la njano. Katika yangu hayupo. Mchungaji wangu aliniambia niichome. Nilimwambia, kwa heshima, kwamba nichome nini, aliyekuwemo si amekwisha kwenda kwao?

Nilimwuliza mama mmoja Mkongomani, Mkatoliki, anayeuza vitenge sokoni, tunaheshimiana sana. Nilimweleza sura ya yule mwanamke, jinsi alivyoloa. Nilitaka aniambie jina. Alimaliza kukunja kitenge chake.

"Wamama walivuka ule mto wa mupaka na watoto mukononi, wakikimbia vita," akasema. "Wengine walifika ng'ambo hii na mukono mutupu. Beko wengi, mama. Wewe unatafuta gani?"

Nikarudi kwenye chumba changu.

Kule hachezi gemu yoyote sasa. Bwambale ndiye anayenishangaza: anasema sehemu ya pili ndiyo bora kuliko ya kwanza, hataki mabishano, na akiicheza kwake, kwa sidi nyingine, anamchukua mtoto kila mara hata kama anakufa njiani. Mimi naendelea na chumba changu. Siogopi. Ila mkono wangu wa kulia, mvua ikikaribia kutoka milimani, unapoa ghafla, na katikati ya kiganja nahisi vidole vidogo vinabana, mara moja, vinaachia. Hauumi. Daktari ameutazama, haoni kitu.

Sasa nawe unayenisikiliza, labda una watoto, labda utakuwa nao. Taa zikizimika ukasikia miguu ya mtoto inatembea gizani nyumbani mwako, usirukie kama nilivyoruka mimi. Mwite jina kwanza. Akiitika, mkamate. Asipoitika, mfungulie mlango, kwa sababu kuna mtu amekuja kumchukua, na ametoka mbali.