Sauti ya Kutisha Yaenda Kuposa

Watoto wa Bantama, mtaa wa jiji la Kumasi nchini Ghana, walikuwa wakimvizia Yaw Dwomoh mlangoni kwake kila asubuhi ili awasalimu. Akisema tu "Mmeamkaje?" walitimua mbio wakipiga mayowe, kisha wakarudi wakihema na kumwomba awasalimu tena. Mwenyewe alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi, anayeogopa mbwa. Lakini sauti yake ilijulikana Kumasi nzima, maana ndiye aliyesoma vionjo vya filamu za kutisha, zile dakika chache zilizopigwa kutwa kwenye vibanda vya filamu ili kuwanasa wapita njia.

Kazi hiyo aliijua barabara. Unaanza kwa upole: familia inakula fufu kwa supu, unaisifu nyumba yao. Halafu unanyamaza. Hapo kwenye kimya ndipo biashara ilipo, kwa sababu mtazamaji hujitungia mwenyewe mambo ambayo mtengenezaji hana uwezo wa kuyapiga picha. Kisha nyoka anachomoza kwenye supu. Mara nyingi filamu yenyewe ilikuwa haijatengenezwa bado. Walikuwa na nyoka na supu, basi. Watu walilalamika kwamba hawakupata usingizi, na kulipokucha walikuwa palepale kibandani wakiuliza inatoka lini. Binadamu tuna vituko.

Tabu ilianza alipompenda Afriyie, muuza vitambaa. Afriyie hakutishika, alisema sauti ile inamwondolea uchovu. Aliyetishika ni Maame Birago, mama yake mkubwa aliyemlea, ambaye hakukosa kionjo hata kimoja.

"Mwanaume mwenye sauti ile," alimwambia Afriyie, "siku akikwambia chumvi imezidi, utakimbilia wapi?"

Siku ya kubisha hodi kwa wakwe, yaani kupeleka posa, ikafika. Kwa desturi yao mwoaji hukaa kimya na mshenga ndiye husema, na Dwomoh aliishukuru sana desturi hiyo. Mshenga alikuwa mjomba wake, Wofa Badu. Ila jana yake Wofa Badu alikuwa uwanjani akiishangilia timu yake, na alipofungua kinywa mbele ya wakwe ukatoka upepo mtupu. Chupa za pombe kali zilikuwa zimeshawekwa mezani, na kuondoka nazo ni aibu ya mwaka. Wengine wa msafara wakatazama viatu vyao. Wofa Badu akamsukuma Dwomoh mbele kwa kiwiko.

Maneno ya kubisha hodi kila mtu anayajua: tulikuwa tunapita, tukaona ua zuri kwenu, tumekuja kuomba tulichume. Dwomoh akasimama.

"Tulikuwa tunapita," akaanza kwa upole, "tukaiona nyumba hii. Nyumba nzuri. Nyumba tulivu."

Bibi mmoja akamvuta mjukuu wake. Watoto wengine wakaingia chini ya meza.

"Na ndani ya nyumba hiyo, kulikuwa na ua."

Akanyamaza kumeza mate, kwa woga tu, maskini. Wageni wakakumbatiana. Majirani waliokuwa wakichungulia ukutani wakakimbia, kisha wakarudi na vigoda.

"Mwambieni anyamaze," akasema Maame Birago, mkono kifuani. Baada ya kitambo akaongeza, "Hebu endelea, baba."

"Tumekuja kulichuma."

Sinia la glasi likaanguka. Jirani mmoja akalisihi ua lijifungie ndani.

Walipotulia, Afriyie aliitwa. Binti huulizwa mara tatu kama chupa zipokewe, na hiyo ndiyo ridhaa yake. Ya kwanza akakubali, ya pili akakubali. Kabla ya ya tatu, Maame Birago akainua mkono.

"Ngoja. We kijana, vionjo vyako vinanitoa roho, halafu vinakatika. Leo namtoa mtoto wangu. Sitaki kukatiwa. Niambie mwisho wake."

Dwomoh akahisi Afriyie anamponyoka. Hakuwahi kuandikiwa mwisho na mtu yeyote. Akamtazama Afriyie, akasema kwa sauti ileile, kwani nyingine hakuwa nayo:

"Mwisho wake, Maame, nitazeeka. Nitanenepa kuliko hivi. Nitamuuliza Afriyie miwani yangu iko wapi, na nitakuwa nimeivaa. Atanicheka. Halafu mmoja wetu atamzika mwenzake. Naomba nitangulie mimi, kwa sababu naogopa kubaki kwenye nyumba ambayo yeye hayumo."

Hakuna aliyekimbia. Watoto wakatoka chini ya meza mmoja mmoja. Maame Birago alikuwa akilia waziwazi.

"Hiki kinatisha kuliko vyote ulivyowahi kusoma," akasema, akijifuta kwa ncha ya kitambaa. "Muulizeni mtoto."

Wakamuuliza Afriyie mara ya tatu.

"Pokeeni," akasema. "Ila hilo la nani atangulie, tutagombana nyumbani kwetu."