Jinsi Baba Alivyomwokoa Dani na Mafuriko

Enzi zetu, wakati televisheni ilipigwa kofi ubavuni ndipo ikubali kuonyesha picha, Kisumu ulikuwa mji wa vumbi. Ziwa lilikuwa pale pale, ndiyo, tuliliona vizuri sana tukiwa kwenye foleni ya kisima. Mifereji ya nyumbani ilikohoa hewa tu, nasi tulirudi kutoka shule jioni tukachukua mitungi hata kabla ya kuvua sare. Mdogo wangu aliitwa Akoth, jina la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha, na majirani walikuja kumwona kana kwamba mvua yenyewe aliileta yeye.

Baba alikuwa karani, mtu wa kalamu mbili mfukoni na neno la mwisho. Alijenga nyumba yetu kwenye bonde dogo nyuma ya mtaa, mahali ambapo nyasi zilibaki kijani hata kiangazi kikikausha kila kitu. Aliona hiyo ni baraka. Mama Nekesa, fundi cherehani kutoka Bungoma aliyeishi juu yetu kwenye mwinuko, alimuuliza siku moja, akimwita kwa jina langu, "Baba Atieno, hapa si njia ya maji?"

Baba akacheka. "Maji gani, Mama? Hata kwa mfereji haiko!"

Mama yake Baba, tuliyemwita Dani kama Wajaluo wanavyomwita nyanya, aliishi karibu na Pap Onditi. Huko mafuriko yalikuja kila masika kama mgeni aliyezoea nyumba. Jambo hilo lilimwaibisha Baba. Nilipokuwa darasa la sita, alikwenda kumchukua, akamtembeza nyumba nzima, akagonga kuta kwa kiganja. "Mama, huku utakaa pakavu."

Dani alitazama kuta, akatazama zile nyasi. Kisha akauliza kama tuna kamba.

"Kamba ya nini?"

"Ya kuanika nguo," akasema. Siku iliyofuata akainunua mwenyewe sokoni, ndefu na nene, ya kutosha kuanika nguo za mtaa mzima.

Mvua ilianza wiki ya tatu tangu Dani aje. Siku ya kwanza tulicheza ndani yake tukiimba, tukatoa beseni, sufuria na hata vikombe ili tukinge. Siku ya nne hakuna aliyeimba. Jumamosi mchana, tukiwa tunakula nyoyo, yaani mahindi na maharagwe aliyochemsha Dani, maji yaliingia kwa mlango wa nyuma polepole, yakisukuma kiatu kimoja ambacho hakikuwa chetu.

Baba na Mama waliruka wakainua kochi juu ya meza, vitambaa vya kufuma vikiwa juu yake bado. Dani hakuliangalia kochi. Alifunga unga kwenye karatasi ya nailoni, akamlaza Akoth ndani ya beseni ya kufulia, akafungua kamba yake. Alifunga ncha moja kwenye nguzo ya mlango, nyingine kiunoni, akatoka akipima ardhi kwa mpini wa jembe. Mama Nekesa alimwona, akashuka mbio, akaipokea ile ncha na kuifunga kwenye mpera wake.

"Shika na mikono miwili," Dani aliniambia aliporudi. "Usiangalie maji. Angalia huyo mama."

Nilivuka maji yakinifika kifuani. Mama alinifuata. Dani akaja akisukuma beseni kwa mkono mmoja, na Akoth ndani yake akipiga maji kwa viganja, akicheka peke yake.

Akabaki Baba. Tulimwona akirudi ndani, kisha akitoka na televisheni kichwani. Alipofika katikati, maji yakamchukua miguu. Televisheni ilianguka. Baba akaning'inia kwenye kamba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili, jamani, akawa anaifuata televisheni.

"Owino!" Dani alipiga kelele. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu akimwita Baba kwa jina lake. "Owino, achana nayo! Televisheni haina mama. Wewe uko na mama!"

Baba akashika kamba kwa mikono yote miwili. Dani na Mama Nekesa walimvuta hadi kwenye matope chini ya mpera, na hapo akakaa akilia bila kujificha. Dani alimpangusa uso kwa leso yake kama anayempangusa Akoth.

Tulikaa kwa Mama Nekesa wiki mbili, sisi na yeye na watoto wake, watu tisa katika vyumba viwili, tukilala kichwa kwa mguu. Hakutuuliza tutaondoka lini. Na maji yakiwa yametuzunguka pande zote, Baba alichukua mtungi kila asubuhi akapanga foleni, kwa kuwa ya kunywa hayakuwepo.

Yalipokauka, Dani alikunja nguo zake. Baba akambembeleza abaki. "Hapana, mwanangu. Kwetu maji inabisha hodi. Ya huku haina adabu." Lakini jamaa walipomuuliza, Baba akiwapo, kama ni kweli mwanawe alimtoa kwenye mafuriko, Dani aliinamisha kichwa kwa heshima akasema, "Kweli kabisa. Aliniokoa."

Watoto wa siku hizi mvua ikinyesha husimama dirishani na simu zao. Wangu hupata habari za mafuriko ya mtaa wetu kutoka kwa binamu yao aliye Nairobi. Bonde limejaa ghorofa na kuta zenye vigae vya chupa juu. Masika yaliyopita maji yalifika barazani kwangu, nikamshika binti yangu mkono tukapanda hadi lango la jirani, nikagonga. Askari akafungua kidirisha kidogo.

"Unatafuta nani, Mama?"

Nilisimama pale nikilowa, nikitafuta jina. Miaka saba tumeishi ukuta kwa ukuta, na sikuwa nalo.