Nani Alizishika Bilato za Menadi?

Wiki nzima sikupata usingizi kwa sababu ya sentensi moja niliyoiandika mwenyewe katika insha: kwamba menadi, wale wanawake wa Kigiriki waliomchezea ngoma mungu wa divai milimani, walikuwa hawajitambui. Wagiriki hawakunitisha. Sentensi iliyofuata ilisema Mama yuko vilevile anapoomba, na Mama angekuwa ukumbini nikiisoma.

Nilikuwa na shahada na gari bovu, bila kazi. Nilimwendesha Mama kutoka Buffalo hadi Louisville kwenye maombi ya akina mama. Tukirudi tungepitia Columbus, ambako chuo changu kilinialika kusoma insha hiyo.

Kanisani nilijibanza nyuma ya friji ya soda. Wagiriki wanasimulia juu ya mfalme aliyepanda mti kuwachungulia menadi. Mama yake mzazi, mmoja wao, akamdhania simba, akamng'oa mkono. Nilipima umbali kati yangu na Mama. Haukutosha.

Roho aliposhuka, wanawake wanaofunga maboksi ghalani wiki nzima walitupa vichwa nyuma, sawasawa na wale waliochorwa kwenye vyungu vya kale. Mama alitetemeka kama mashine ya kufulia. Ila kwanza alivua viatu na miwani, akamkabidhi mama mmoja wa zamu, ambaye tayari alikuwa amebeba miwani minne, wigi mbili, na kitenge cha kufunika miguu ya watakaoanguka.

Kesho yake, tukiwa tumesimama kutia mafuta, nilimwonyesha picha ya chungu kwenye simu: menadi mwenye nywele ovyo, nyoka mkononi. Aliikagua kama nyama ya dukani.

"Bon. Huyu, bilato yake njo nani anashika?"

Bilato, kwa Kiswahili cha Mama, ni viatu. Nikasema vitabu havijui. Vinasema alikuwa hajitambui.

"Weye nawe. Mimi nikianguka, sijui fasi niko? Naangukaka upande wa kapeti."

Nikakiri kwamba nimemwandika. Akauliza kama nimesema ni kichaa. Nikajibu kwamba nimesema hivyo kwa maneno marefu. Akarudi garini, akakaa kiti cha nyuma hadi tukaegesha chuoni.

Mbele ya maprofesa nilizikata sentensi zote mbili kwa kalamu. Mahali pake nilisoma swali la viatu, nikasema ni la Mama, nikamwonyesha kwa kidole alipokaa, mkoba magotini.