Kitambaa cha Khanga kwenye Gari Jekundu

Enzi zetu kule Tlawi, gari likianza kupanda kilima tulimtaja mwenyewe kabla halijaonekana, kwa mlio tu. Tulikuwa na vigari vyetu vya waya, viazi vya kuchoma vilivyotuunguza ulimi, na baridi ya asubuhi iliyotufanya tukimbie mchakamchaka bila kusukumwa na mwalimu. Watoto wa leo ukiwapandisha gari wanauliza kwanza kama kuna pa kuchajia simu. Sisi tulilizunguka, tukanusa petroli, tukaligusa kwa kidole kimoja, halafu tukatimua mbio.

Wakati wa ruksa, biashara zilipofunguliwa na magari ya mtumba yalipoanza kumiminika kutoka nje, baba yangu alikuwa akinunua maharage na vitunguu saumu na kuvipeleka Arusha. Siku moja akarudi na gari jekundu la turbo. Wenzake wenye akili walinunua pikapu. Baba alinunua gari la mbio akalileta kwenye barabara ya makorongo. Mama alilitazama, akauliza, "Sasa magunia utaweka wapi?" Baba akawasha injini. Lakini lilipopanda mlima likipiga mluzi wake, hata mama alitabasamu, nilimwona.

Fundi wake aliitwa Gidobat, mtoto wa wafugaji wa Masakta, huko tambarare za Hanang, aliyejifunza ufundi kwenye malori na kufungua kibanda karibu na kwetu. Wakulima wa kwetu walimcheka: mtu wa ng'ombe atajua nini habari za turbo? Yeye hakujali. Akija nyumbani aliniita nisimame karibu na boneti. "Sikia, binti. Hii inapumua kama ng'ombe. Ukiinyima pumzi, mlima haipandi." Hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kunieleza jambo kana kwamba nina akili.

Mama naye alikuwa haachi tundu wazi. Chupa ya mafuta ya taa ilizibwa kwa gunzi, kibuyu cha maziwa kwa gunzi, hata ukuta wa stoo ulikuwa na magunzi yake. Mavuno yalipoingia ndani, panya wakafuata, wakajenga kiota kwenye bomba la gari linalovuta hewa, nyuma ya taa ya mbele. Mama akachana khanga kuukuu, akanipa kipande. Kazi yangu ilikuwa kukisokomeza kwenye mdomo wa bomba hilo jioni na kukitoa asubuhi. Kazi ndogo, ya mtoto.

Baba mdogo alipooa, bibi harusi alikuwa wa Masakta, na baba aliapa kumpandisha yeye mwenyewe hadi Tlawi kwa gari jekundu. Jana yake Gidobat alibadilisha plagi, akaliosha mpaka likang'aa. Asubuhi ya harusi mimi nilivishwa gauni jipya na viatu vilivyonibana, na kwa furaha ile nikasahau kitambaa.

Kushuka Masakta kumchukua bibi harusi hakukuwa na tatizo. Wakati wa kurudi nilikaa nyuma, nimebanwa na shela ya bibi harusi. Tulipoanza mlima baba akakanyaga mafuta, mluzi ukaanza, kisha ukakatika. Nguvu ziliisha ghafla, moshi mweusi ukajaa nyuma yetu. Baba akapunguza mafuta, injini ikanguruma vizuri. Akakanyaga tena, ikakata tena. Lori la akina mama wa harusi likatupita, nao wakaacha kuimba. Mwishowe bibi harusi akashuka na gauni lake jeupe, akapanda kwa miguu kwenye vumbi jekundu, wanaume wakisukuma. Mimi nilikumbuka kitambaa palepale, na nilinyamaza.

Kesho yake Gidobat akafungua kila kitu. Chujio la petroli, pampu, mipira ya turbo na vibano vyake, hata chujio la hewa akalitoa akalipuliza, lilikuwa safi. Kisha akanigeukia. "Binti, kile kitambaa cha mama ulikitoa?"

Baba alikuwa amesimama pale, mkanda kiunoni. Nikasema, "Nilikitoa."

"Basi, mtoto hadanganyi," akasema, na hakuingiza mkono kwenye lile bomba. Alihangaika siku tatu. Siku ya tatu baba akamwambia mbele ya majirani, "Nimempa mtu wa ng'ombe gari, nilitegemea nini?" Gidobat akafuta spana zake moja moja, akaondoka.

Jumapili, wengine wakiwa kanisani, nilisingizia tumbo. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikakivuta kitambaa kilichokuwa kimefyonzwa kwenye kona ya bomba, nikakichoma jikoni. Jumatatu gari likapanda mlima kama zamani. Baba akatangaza gulioni, "Limepona lenyewe tangu alipoacha kuligusa!" Watu wakacheka. Baada ya hapo hakuna aliyempelekea Gidobat hata pikipiki. Akafunga kibanda, akarudi Masakta kuchunga. Baba amezikwa akiamini hivyo, na mimi ndiye niliyemwacha aamini.

Baadaye tukawa Mkoa wa Manyara, lami ikaja, nami nikapata gari langu. Mwaka juzi nilikuwa mnadani Katesh nikamwona mzee mwenye shuka na fimbo ananitazama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe si binti wa lile gari jekundu?" Akanishika mkono, hakuuachia. "Hebu niambie, mwanangu. Lile gari lilikuwa na nini? Nilikagua kila mahali. Nikiwa na ng'ombe porini, mpaka leo ninalifungua kichwani."

Mkanda wa baba haukuwepo tena. Mimi mwenyewe nina wajukuu. Nikasema, "Sijui, baba."

"Haya," akasema. "Basi ni mimi niliyekuwa sijui kazi."

Siku hizi gari langu likikosa nguvu, vijana wa Babati wanachomeka kimashine, mkono mmoja wanachati, na kinawaambia ugonjwa kabla hawajafungua boneti. Ninawatania kwamba hao si mafundi, ni wasomaji. Lakini ninawaonea wivu. Enzi zetu fundi alimuuliza mtoto, akamwamini. Kwa lami hii, Masakta si mbali hata kidogo. Bado sijaenda.